Megahezi 60 za Nini na Sikio Linaishia Hezi 20,000?

Leo hakuna kufungua boksi, hakuna kodi ya punguzo. Leo nalipa deni.

Wale mmekaa hapa kitambo mnakumbuka ile video yangu ya amplifaya iliyotengenezwa na fundi mmoja hapa Machakos. Niliiweka mezani, nikaipima, nikaangalia kamera nikasema: "Distoshoni asilimia 0.7. Hii ni takataka, tunza pesa zako." Video ilienda mbali kuliko zingine zangu zote za mwezi huo. Sikutaja jina la fundi, lakini Masaku ni ndogo. Nilionyesha boksi lake, na mtu yeyote anayenunua mziki hapa town alijua boksi hilo linatoka kwa nani.

Amplifaya haikuwa takataka. Kipimo changu ndicho kilikuwa takataka. Kwa hivyo hii ni post ya kukubali makosa, na pia ya kukuambia vile utachagua jenereta ya mawimbi bila kurudia ujinga wangu.

Nikisema jenereta simaanishi ile ya petroli inayonguruma nyuma ya tenti ya harusi stima ikipotea. Jenereta ya mawimbi ni kifaa kinachotoa sauti moja unayoijua. Unaiingiza kwa amplifaya, mikisa ama spika, halafu unaangalia upande wa pili kimetoka nini. Ukiingiza hezi 1,000 na itoke hezi 1,000 peke yake, ila imekuwa kubwa, amplifaya imefanya kazi yake. Ikitoka na 2,000 na 3,000 ambazo hukuweka, huo ni uchafu ulioongezwa njiani. Uchafu huo ndio unaitwa distoshoni, na unahesabiwa kwa asilimia.

Sasa hebu nikuambie vile nilinunua yangu.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kozi ya uhandisi wa umeme. Sitaki kuhurumiwa, karo ilikuwa karo na mimi nilikuwa nimechoka. Lakini ukiacha chuo na bado unataka watu wakuamini kwa mambo ya umeme, kuna kitu kinakula roho: unataka meza yako ionekane kama maabara. Kwa hivyo nilipopata pesa ya kwanza ya maana kutoka kwa video, nilipanda matatu hadi Nairobi, nikanunua jenereta yenye skrini ya rangi, vitufe vingi, na maandishi makubwa mbele: 60MHz. Hiyo ni megahezi 60. Mwaitu aliiona mezani akauliza kama ni redio. Nikamwambia hapana, hii ni mashine ya kupima redio. Akafurahi. Mimi pia nikafurahi.

Tufanye hesabu pamoja. Sikio la binadamu linasikia kuanzia kama hezi 20 hadi hezi 20,000, na hiyo ya juu ni ukiwa bado mdogo. Megahezi 60 ni hezi 60,000,000. Hiyo ni mara 3,000 ya mwisho wa sikio lako. Nilinunua lori la mchanga nikienda kuteka maji ya kunywa. Na nyinyi watu wa Ukambani mnajua lori la mchanga: hata ukilijaza maji, yatatoka na mchanga.

Hapo ndipo nilianguka. Mashine inayotaka kufika mamilioni ya hezi lazima sehemu yake ya mwisho, ile inayosukuma wimbi nje, iwe ya haraka sana. Kwa bei ya chini, mtengenezaji hawezi kukupa haraka na usafi pamoja. Anachagua haraka, kwa sababu haraka ndiyo inaandikwa kubwa kwa boksi. Usafi unaandikwa kwa maandishi madogo ndani ya kijitabu, mahali msee kama mimi hafiki.

Fundi alikuja kwetu Jumamosi moja asubuhi. Mzee wa miaka sitini na kitu, amplifaya yake chini ya kwapa. Nilidhani anakuja kunigombeza. Alisalimia mwaitu kwanza, akanywa chai, halafu akaniambia, "Kijana yangu, sijakuja kwa ubaya. Nionyeshe tu vile ulipima."

Nikamwonyesha. Jenereta, waya, amplifaya, rezista ya kubeba mzigo badala ya spika, halafu waya hadi kwa kadi ya sauti ya USB na laptopu. Skrini ikasema asilimia 0.7.

"Sawa," akasema. "Sasa toa amplifaya. Hiyo waya ya mashine yako ichomeke moja kwa moja kwa kompyuta."

Nikachomeka. Asilimia 0.7.

Hakukuwa na amplifaya hapo katikati. Hakukuwa na kitu. Mzee aliangalia skrini, akaniangalia mimi, akauliza polepole, "Kwa hivyo huo uchafu ni wa nani, mzee?"

Manze, mtu wa umri wa babu yako akikuita mzee kwa sauti hiyo, unatamani simenti ifunguke.

Nikatafuta kijitabu cha jenereta yangu. Kimeandikwa wazi kabisa: distoshoni chini ya asilimia 0.8 kwa masafa ya sauti. Hawakunidanganya. Mimi ndiye sikusoma. Halafu nikatafuta karatasi ya vipimo ya TDA7294, ile chipu fundi ametumia, na ambayo wengi wenu mmeiona ndani ya amplifaya za nyumbani. Kwa wati 5 na kilohezi 1, distoshoni ya kawaida ni asilimia 0.005. Yaani kile nilichoita mwalimu kilikuwa kichafu mara 140 kuliko mwanafunzi. Kweli, hiyo ni chipu kwa karatasi, na bodi ya kuchomwa kwa mkono lazima iongeze yake kidogo. Lakini mimi nisingeweza kujua imeongeza ngapi. Ni kama kupima dhahabu na ile mizani ya posho mill.

Sasa sikiza hii ndiyo inaniuma zaidi. Ile kadi ya sauti ya USB, ambayo nilikuwa natumia kupokea tu, ina tundu la kutoa pia. Ni ile ile nimekuwa nikirekodia sauti ya video zangu. Mzee akaniambia niitumie kutoa wimbi. Nikatoa hezi 1,000 kutoka kwa programu ya bure, nikazungusha waya kutoka tundu la kutoa hadi tundu la kupokea: asilimia 0.008. Nikaweka amplifaya katikati: asilimia 0.03.

Jenereta nzuri ilikuwa mezani tangu mwanzo. Nilikuwa nairekodia maneno ya kusifu ile mbaya.

Watu wawili walikuwa wamerudisha amplifaya kwa mzee kwa sababu ya video yangu. Wawili inaonekana kidogo kama wewe ni kampuni. Kwa mtu anayetengeneza boksi tatu ama nne kwa mwezi, hiyo ni nusu ya karo ya mjukuu. Nimetoa ile video. Nimeweka ya kuomba msamaha, na kama kawaida ya intaneti, haikufika hata robo ya ile ya kutusi. Ndio maana naandika tena.

Basi maoni yangu ni haya, na nitayasimamia: jenereta ya kupima vifaa vya sauti ni shahidi. Hununui shahidi kwa sababu amevaa suti. Unamwamini kwa sababu ni msafi kuliko mtu anayemtolea ushahidi. Mengine yote yanakuja baadaye.

Ukienda kuchagua, anza na swali unalotaka kujibiwa. Unataka tu kujua sauti inapotelea wapi ndani ya redio iliyokufa? Hapo usafi si kitu. Simu yako inatosha, hata kile kikiti cha bei ya chini cha chipu ya XR2206 kinatosha. Chipu hiyo kwa karatasi yake inatoa asilimia 0.5 ya distoshoni ikirekebishwa vizuri. Kufuata sauti kutoka mlango wa kuingia hadi kwa spika, hiyo ni sawa kabisa. Lakini ukitaka kusema mbele ya watu kwamba amplifaya fulani ina distoshoni kiasi fulani, unahitaji shahidi msafi angalau mara kumi kuliko hicho unachopima.

La pili, jaribu ulichonacho kabla hujatoa pesa. Audacity ni ya bure na inatoa wimbi la saini, lile linalopanda na kushuka laini kama vilima vya Iveti ukiviangalia kutoka mbali. Inatoa pia wimbi la mraba na kelele za aina tofauti. REW pia ni ya bure, na hiyo inatoa wimbi na kukusomea distoshoni pale pale. Kadi ya sauti ya USB ya kawaida, hata ya kununua mtumba, inaweza kushinda jenereta ya skrini ya rangi kwa kazi hii. Ukitumia simu, tumia waya, usitumie bluetooth, kwa sababu bluetooth inakamua sauti kabla ya kuituma. Zima ekualaiza na yale mambo yote ya "besi zaidi". Utapima madoido ya simu ukidhani unapima spika.

La tatu ni kiwango cha volti, na hapa wengi tunapigwa. Jenereta nyingi za maabara zimetengenezwa kulisha mzigo wa omu 50. Mlango wa amplifaya ya nyumbani ni maelfu ya omu, mara nyingi elfu 10 na kuendelea. Baadhi ya jenereta zinaonyesha volti kana kwamba ule mzigo wa 50 uko pale. Kama haupo, skrini inasema volti 1 na amplifaya inapata 2. Tena angalia kama volti imeandikwa kutoka kilele hadi bonde ama RMS, kwa sababu volti 1 ya RMS ni volti 2.83 kutoka kilele hadi bonde. Ukichanganya hizo mbili utamwambia mtu amplifaya yake inakata mapema, na ni wewe unaisukuma karibu mara tatu. Kwa hivyo tafuta kifaa unachoweza kushusha sauti yake polepole hadi chini kabisa, si kimoja kinachoruka ruka.

La nne, athi. Kuna jenereta za bei rahisi zinakuja na waya wa pini mbili, bila athi, na ndani kuna pawa saplai ya kisasa inayovujisha umeme kidogo hadi kwa bodi ya chuma. Ukigusa unahisi kama siafu wanatembea kwa vidole. Mkondo wenyewe ni mdogo, lakini unaweza kuua mlango laini wa kifaa unachopima, na unaingiza mngurumo wa hezi 50 kwa vipimo vyako. Stima yetu ni volti 240, si ya kuchezewa. Kama mashine haina athi, iache dukani.

La tano, na hili ni la spika. Usichukue wimbi la hezi 10,000 ukaliachilia kwa sauti ya juu ati unapima twita. Twita, si ile ya kuposti jameni, ni ile spika ndogo ya juu inayotoa sauti nyembamba. Kwa muziki wa kawaida, nguvu inayofika huko juu ni kidogo sana. Boksi limeandikwa wati 100, lakini twita yenyewe inaweza kuwa inavumilia wati chache tu mfululizo. Nimeshachoma moja ya kanisa kwa njia hiyo, sekunde kama ishirini. Nililipa mwenyewe. Anza chini, pima haraka, zima.

Na ukirudisha sauti ya amplifaya kwa kadi ya sauti, kumbuka wati 100 kwa omu 8 ni kama volti 28. Hiyo itaua kadi yako papo hapo. Weka rezista mbili za kugawa, kwa mfano ya omu 22,000 na ya omu 1,000, uchukue kipande kidogo cha chini, itakuwa kama volti 1.2. Tena zile amplifaya za gari na za matatu, nyingi waya wake wa hasi wa spika si athi. Ukiuunganisha na athi ya laptopu unaweza kuunguza vyote viwili. Kama hujui amplifaya yako ni ya aina gani, uliza fundi kwanza. Kuuliza ni bure, mimi nimejifunza kwa bei.

Najua kuna msee ataandika hapo chini: "Bro, jenereta ya megahezi ina kazi yake." Ndiyo, ina kazi yake. Wimbi la mraba la kadi ya sauti si la mraba kamili. Kadi ya kawaida inakata kila kitu juu ya hezi 20,000 na kitu, kwa hivyo kwa osiloskopu kingo zake zina mawimbi madogo, na unaweza kudhani amplifaya ndiyo inatetemeka. Kwa kazi hiyo jenereta yangu ya lori ni nzuri, na bado naitumia. Ukitengeneza redio, ama hizi amplifaya za kisasa zinazowasha na kuzima tranzista mara laki kadhaa kwa sekunde, utaihitaji. Sisemi usinunue. Nasema usinunue kwanza, na usinunue ukidhani namba kubwa inamaanisha ukweli mkubwa.

Mwingine atasema vifaa vya maana ni vya watu wenye pesa, sisi wa huku tutabahatisha tu. Hapo nakataa kabisa. Mwaka wa 1939 vijana wawili wa Marekani, William Hewlett na David Packard, walianzisha kampuni kwa gereji ya nyumba ya kupanga huko Palo Alto, California. Bidhaa yao ya kwanza ilikuwa kitu gani? Jenereta ya mawimbi ya sauti, iliyoitwa 200A. Hewlett alikuwa ameifanyia kazi akiwa mwanafunzi Stanford. Siri yake ilikuwa balbu. Balbu ndogo ya kawaida ya umeme. Wimbi likikua sana, waya wa balbu unapata moto, ukinzani wake unapanda, na wimbi linarudi chini lenyewe. Likipungua, balbu inapoa na wimbi linapanda. Kwa ujanja huo walipata wimbi tulivu na safi, wakaiuza kwa dola 54.40 wakati za wengine zilikuwa zaidi ya dola 200. Walt Disney wakanunua nane za aina iliyofuata, 200B, kwa mitambo ya sauti ya filamu ya Fantasia iliyotoka 1940.

Nane hizo hazikuwa na skrini ya rangi. Zilinunuliwa kwa sababu zilitoa wimbi unaloweza kuliamini kwa bei unayoweza kulipa. Usafi haukuanza kwa pesa. Ulianza na mtu aliyejiuliza wimbi linachafuka wapi. Hilo ndilo swali mzee alikuja kuniuliza sebuleni kwetu, na yeye hajawahi kukanyaga chuo hata mwaka mmoja. Mimi nilikanyaga miwili na sikuwa nimejiuliza.

Kwa hivyo sheria yangu mpya, na mnishike nayo: hakuna video yoyote ya kupima hapa itatoka bila kuonyesha kwanza kifaa changu kikijipima chenyewe, waya kutoka kutoa hadi kupokea, bila kitu katikati. Namba hiyo itakaa kwa kona ya skrini muda wote. Kama chombo ninachopima hakiko mbali na namba hiyo, sitasema kitu juu yake. Nitanyamaza. Kwa mtu anayeishi kwa kuongea, hiyo ni adhabu ya kutosha.

Na wewe usiniamini tu. Leo jioni chukua waya mmoja, zungusha kadi yako ya sauti ama laptopu yako, sauti ikiwa chini, usome asilimia inayotoka. Weka hapo chini namba yako na kifaa chako. Tukipata za kutosha nitapanga orodha, ili msee mwenye elfu mbili ajue atafute nini kabla ya msee mwenye elfu kumi na mbili kumdanganya na skrini ya rangi.

Amplifaya ya mzee bado iko. Nimenunua moja, bei kamili, sikuomba punguzo. Iko hapa chini ya dawati inacheza benga nikiandika hii, na mwaitu ameshaniambia mara mbili nipunguze sauti.